Mwalimu akikosea, aambiwe



Huku pembezoni mwa Temeke, mwanafunzi akinyoosha kidole kumwambia mwalimu kuwa amekosea hesabu ubaoni, huitwa mjeuri. Katika mkutano wa mtaa, anayehoji mapato na matumizi huitwa mchochezi. Matokeo yake watu hunyamaza mkutanoni, wakaenda kusemea vibarazani.

Hiyo si heshima. Kosa la ubaoni hunakiliwa na darasa zima na kupelekwa nyumbani katika madaftari. Kwa hiyo mwalimu alisahihishe mbele ya watoto wale wale.

Mwalimu Nyerere aliandika kijitabu cha "Tujisahihishe" mwaka 1962. Serikali yake ilifuta halmashauri za wilaya mwaka 1972 na vyama vya ushirika mwaka 1976. Baadaye vyote vilirudishwa, na mwaka 1984 alikiri katika mahojiano kwamba kuvifuta lilikuwa kosa. Je, heshima yake ilipungua? Hata kidogo.

Nasi wananchi tuna wajibu. Tumwambie mhusika mwenyewe, kwa adabu, tukitaja kosa lake, si kabila wala ukoo wake. Anayeshangilia kosa la kiongozi na anayelificha ni mamoja: wote hawataki lirekebishwe.

Walimu wenzangu, mtoto akisema, "Mwalimu, saba mara nane ni hamsini na sita," tumshukuru. Tukimchapa leo, kesho hatutampata wa kuuliza fedha za mtaa zimekwenda wapi.

Mwalimu wa Shule ya Msingi,
Temeke, Dar es Salaam.