Mzee Anayetetemeka Hajarogwa

Mzee akianza kutetemeka mkono huko Bungoma au Kitale, wapo watu wasiosita kutoa hukumu: amerogwa, ama amezidisha busaa. Ng'ombe huuzwa, mganga akalipwa, na mkono ukazidi kutetemeka.

Huenda mzee huyo ana maradhi ya Parkinson, ambayo daktari Mwingereza, James Parkinson, aliyaeleza mwaka wa 1817. Hata wakati huo alitaja kwamba wagonjwa hufunga choo, lakini jambo hilo halikutiliwa maanani sana. Mnamo 2003 Heiko Braak na wenzake nchini Ujerumani walidokeza kuwa huenda maradhi haya huanzia matumboni, kisha yakapanda hadi ubongoni kupitia mishipa ya fahamu. Nao watafiti wa Helsinki, Finland, waliripoti mwaka wa 2015 kwamba bakteria wa matumboni mwa wagonjwa ni tofauti na wa watu wenye afya. Kama tofauti hiyo ndiyo chanzo cha maradhi au ni matokeo yake, wataalamu wangali wanabishana.

Kwa hivyo, anayeuza sokoni dawa ya kusafisha tumbo akidai inaponya Parkinson ni mlaghai. Mursik na ugali wa wimbi ni vyakula vyema, wala hatuoni sababu ya kuviacha, ila si tiba.

Lenye manufaa kwetu ni hili: kufunga choo na kutosikia harufu huweza kutangulia kutetemeka kwa miaka mingi. Si kila afungaye choo ana Parkinson, la hasha! Lakini mzee akifika zahanati akilalamika kuwa mkono ni mzito na hatua zimekuwa fupi, kumwuliza kuhusu choo hakugharimu hata senti.

Kisha kuna levodopa, dawa ambayo haiponyi bali hupunguza makali. Nayo hupitia utumbo. Ikimezwa pamoja na nyama au maharagwe, protini huizuia kuingia mwilini vyema, na mgonjwa hudhani amepewa dawa bandia. Yafaa aelezwe hayo kwa Lubukusu au Kisabaot, lugha anayoielewa, kabla hajaondoka dirishani pa dawa.

Tangu 2013 huduma za afya zimo mikononi mwa kaunti. Shirika la Afya Duniani limeiweka levodopa katika orodha ya dawa muhimu. Wakuu wa afya wa Trans Nzoia na Bungoma wanapoandaa bajeti, waitengee fungu, ili mzee asilazimike kuabiri matatu hadi Eldoret kila mwezi kutafuta vidonge.