Acheni Kufomati Kompyuta za Watu!

Wadau, leo nina hasira na sitaificha.

Ijumaa ya tarehe 27 Juni 2025 nilikuwa nyumbani, Marani, Kisii. Zilikuwa zimebaki siku tatu tu kufikia makataa ya KRA ya tarehe 30, na kesho yake ilikuwa Sabato, siku ambayo majirani zangu wengi hawafungui biashara. Simu ikalia. Ni mama mmoja mwenye saiba pale sokoni.

"Mwanangu, ile mashine kubwa imekufa. Fundi anasema ni kufomati tu, elfu moja na mia tano."

"Mama, ameshaigusa?"

"Bado. Amekwenda kuchukua flashi."

"Usimruhusu aichomeke. Nakuja."

Nikapanda boda. Njiani nilijua tayari kilichotokea, maana kisa hiki nimekiona mara nyingi mno. Mashine zake ni zile kuukuu zinazoletwa kutoka Ulaya. Windows 11 hudai TPM 2.0, na kwa Intel hudai prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu. Zake ni za kizazi cha 4. Msaada wa Windows 10 nao ulikuwa unaelekea kuisha tarehe 14 Oktoba mwaka huo. Kwa hiyo alikuwa amehamia Ubuntu 22.04, na Alhamisi usiku akabonyeza kitufe cha kupandisha toleo kwenda 24.04. Katikati ya kazi, stima ikapotea. Hana UPS. Asubuhi mashine inawaka, nembo inaonekana, halafu skrini nyeusi na kistari kinachopepesa. Basi.

Kwa fundi wetu, hapo ndipo mgonjwa amefariki. Mimi nasema huo ni uvivu, na uvivu huo unawagharimu watu vitu ambavyo elfu moja na mia tano haiwezi kurudisha. Ndani ya mashine ile mlikuwa na hesabu za chama cha akina mama za miaka minne. Mlikuwa na vyeti vya watoto vilivyoskaniwa. Mlikuwa na programu za mazishi, na baadhi ya picha za marehemu zililetwa kwa simu ambazo leo hazipo tena. Ukifomati, unamzika mtu mara ya pili.

Nilipofika nilibonyeza Ctrl+Alt+F3. Ikatokea skrini ya maandishi, ikauliza jina la mtumiaji na neno la siri. Nikamwambia yule mama, maiti haikuulizi jina lako. Nikaingia, nikaandika ls Documents, na faili zote zikajipanga mbele yetu. Akakaa kwenye kiti, akashika kifua.

Sasa sikilizeni vizuri. Mazingira ya picha, yaani dirisha, ikoni na kipanya, ni programu tu iliyokaa juu ya mfumo. Ikianguka yenyewe, haimaanishi mfumo umeanguka, na kamwe haimaanishi faili zako zimepotea. Ubuntu ikipandisha toleo, kwanza hufungua vifurushi, kisha huvisanidi. Stima ikipotea katikati, vingine vinabaki vimefunguliwa bila kusanidiwa. Lakini dpkg huweka daftari, na kila kifurushi kimeandikwa humo kimefikia wapi. Mashine yenyewe inajua ilipoachia! Inasubiri tu mtu wa kuiambia iendelee.

Nilichofanya ni hiki:

1. Kunakili kwanza. Nilichomeka flashi yangu, nikaangalia jina lake kwa lsblk (kwangu ilikuwa sdb1, kwako huenda ikawa tofauti), nikaifunga kwenye /mnt, nikanakili kila kitu:

sudo mount /dev/sdb1 /mnt
sudo cp -r ~/Documents ~/Pictures /mnt

2. Kuangalia nafasi kwa df -h. Diski iliyojaa pia huleta skrini nyeusi. Nilisafisha kidogo kwa sudo apt clean.

3. Kumalizia kazi iliyokatika:

sudo dpkg --configure -a
sudo apt --fix-broken install

4. Kuunganisha simu kwa kebo ya USB nipate intaneti, kisha:

sudo apt full-upgrade
sudo apt install --reinstall ubuntu-desktop gdm3

5. sudo reboot.

Ikawaka. Jumla saa moja na nusu, na sehemu kubwa ya muda huo ilikuwa kusubiri bando. Na kama Ctrl+Alt+F3 isingejibu? Kwenye menyu ya GRUB kuna kerneli ya zamani na kuna hali ya uokoaji. Na kama hiyo nayo ingegoma? Unawasha mashine kwa flashi ya Ubuntu, unachagua kuijaribu bila kusakinisha, unanakili faili. Kufomati ni mlango wa mwisho kabisa, baada ya yote hayo.

Mtaniambia, "Wewe una digrii, fundi wa mtaani atajuaje?" Hapana. Amri hizo ni chache, zinaenea kwenye kikaratasi cha mfukoni. Kumbukeni tarehe 19 Julai 2024, sasisho bovu la CrowdStrike lilipoangusha kompyuta za Windows zipatazo milioni 8.5 duniani, kwa hesabu ya Microsoft. Ndege zilikwama, hospitali zilikwama. Je, walifomati mashine milioni nane? La. Tiba iliyotangazwa ilikuwa kuingia katika hali salama na kufuta faili moja. Faili moja! Ingekuwa huku, wangapi wangeambiwa "imekufa"?

Siwatupii mafundi peke yao. Nilipokuwa chuoni mwaka wa pili, nilifomati laptopu ya mwenzangu ikiwa na mradi wake, kwa sababu nilitaka nionekane mjuzi haraka. Hajanisahau, na ana haki. Na sisi tunaoandika programu tuna lawama yetu. Simu za Android zimeweza kubeba mfumo katika sehemu mbili tangu toleo la 7 la mwaka 2016: jipya huandikwa pembeni, likishindwa simu inarudi kwenye la zamani. Njia ipo. Lakini kompyuta nyingi za mezani bado zinapandishwa toleo kana kwamba stima haijawahi kupotea popote duniani. Aliyeandika hivyo hajawahi kulala Marani siku ya mvua.

Nakubali kuna siku ya kufomati: diski inapokufa kweli unabadilisha, na virusi vikishika kila mahali unaanza upya. Lakini baada ya kunakili, na baada ya mwenyewe kukubali akijua anachopoteza.

Kwa hiyo wewe mwenye mashine, kabla fundi hajachomeka flashi yake, muulize maswali matatu. Umeona ujumbe gani wa kosa? Umejaribu kuingia bila picha? Faili zangu umezinakili wapi? Akishindwa kujibu hata moja, chukua mashine yako uondoke.

Yule fundi alirudi na flashi yake akakuta foleni ya watu wa ritani imeshaanza kusonga. Alininunia. Nikamwandikia zile amri kwenye kikaratasi, akakichukua bila kusema asante. Sawa tu, mradi amekichukua.