Si Kila Anayekohoa Damu Ana Kifua Kikuu

Ndugu msomaji, mtu akikohoa damu, jambo la kwanza linalotujia akilini ni kifua kikuu. Hatukosei, na kupima makohozi ni wajibu usioahirishwa. Lakini yako maradhi mengine, machache lakini makali, yajifichayo nyuma ya dalili hiyo hiyo. Hayo ni maradhi ya mchochota wa mishipa ya damu, yaani kuta za mishipa kuvimba na kuumia.

Chembechembe nyeupe za damu ndizo askari wa mwili, na kingamwili ni silaha za kupambana na viini vya maradhi. Hutokea, hata hivyo, mwili ukatengeneza kingamwili zinazowachokoza askari hao wenyewe, nao wakaziharibu kuta za mishipa midogo. Kingamwili hizo huitwa ANCA. Zilielezwa mara ya kwanza na madaktari wa Australia mwaka 1982.

Maabara huzigawa katika aina mbili. Aina ya PR3 huambatana zaidi na ugonjwa uliokuwa ukiitwa wa Wegener: pua hutoka damu mara kwa mara, masikio huuma, mapafu hupata mashimo, na figo huumia. Aina ya MPO huambatana zaidi na polianjaitisi ya mishipa midogo, ambayo hushambulia figo na mapafu, lakini pua husalimika mara nyingi. Uko na ugonjwa wa tatu, ambao kwa kawaida hutanguliwa na pumu. Humo ANCA huonekana kwa wagonjwa wasiofikia nusu, nayo huwa hasa MPO.

Aidha, iko michochota isiyoambatana na ANCA. Mtoto akitokwa na madoa mekundu miguuni na matakoni, huku tumbo na viungo vikimuuma, yaelekea ni mchochota wa kingamwili ya IgA. Mtu aliyepita miaka 50 akianza kuumwa kichwa penye panja, na taya kuchoka anapotafuna, awahi hospitali siku hiyo hiyo, kwani aweza kupofuka.

Hata hivyo, cheti cha maabara si hukumu. Kifua kikuu chenyewe na baadhi ya dawa zaweza kuleta ANCA, na mgonjwa halisi aweza kukosa kuwa nazo. Ndiyo maana daktari hulinganisha cheti na dalili, na mara nyingi huchukua kinyama kidogo cha figo kukichunguza kwa hadubini.

Kwa nini tuharakishe? Kwa sababu figo huharibika kimya kimya, bila maumivu. Zamani wengi wa waliopata ugonjwa wa Wegener walifariki katika muda wa mwaka mmoja. Tangu miaka ya 1970, dawa za kutuliza kinga ya mwili, kama vile siklofosfamaidi pamoja na prednisoloni, zimewaokoa wengi.

Basi, ndugu msomaji, aliyeandikiwa dawa za kifua kikuu asiziache bila idhini ya daktari. Lakini ikiwa makohozi hayaonyeshi viini, nafuu haipatikani, pua inatoka damu au mkojo una rangi ya chai ya rangi, amwombe daktari aupime mkojo, atazame kama una damu na protini. Kipimo hicho ni rahisi, nacho chaweza kuokoa figo. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.