Pamba Safi Ipate Bei Yake



Msimu wa mavuno ufikapo, mashamba ya Bunda, Butiama na Musoma Vijijini huwa meupe kwa pamba. Mvunaji mwangalifu husubiri umande ukauke, kwani pamba iliyovunwa na unyevu huharibika ghalani. Hubeba mifuko miwili: mmoja wa pamba safi, mwingine wa fifi, yaani ile iliyotiwa madoa na wadudu au mvua. Kisha familia huketi mkekani kuondoa majani makavu na takataka. Ni kazi ya vidole, nayo huwaelemea zaidi akina mama na watoto. Tunauliza: nani anailipia kazi hiyo?

Wazee wetu waliwahi kuuliza swali la namna hiyo. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, wakulima wa Kanda ya Ziwa walichoka kupunjwa kwenye mizani, wakadai wapimaji wao wenyewe. Madai hayo yaliuzaa ushirika ulioongozwa na Paul Bomani, na mwaka 1955 likaundwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria. Vyama vikuu vilivunjwa na Serikali mwaka 1976, vikarejeshwa kwa sheria ya mwaka 1982. Mwaka 1994 milango ilifunguliwa kwa kampuni binafsi. Katika kugombea mzigo wa kujaza vinu vyao, wanunuzi wengi waliacha kutenganisha madaraja. Safi na fifi zikawekwa kwenye mizani moja kwa bei moja.

Hapo ndipo dhuluma ilipoingia. Mama aliyechagua pamba siku tatu alilipwa sawa na jirani aliyejaza gunia bila kuangalia. Wengine wakaona heri kuongeza uzito kwa maji na mchanga. Hatuwatetei. Mchanga huharibu mitambo ya vinu, nyuzi za viroba huchafua uzi, na viwanda vya kusokota huishusha bei pamba inayojulikana kuwa chafu. Hasara hiyo humrudia hata yule aliyechagua kwa uaminifu. Lakini mnunuzi asiyelipia usafi hana haki ya kushangaa akiletewa uchafu. Nabii Amosi aliwakemea kwa pamoja wenye kupotosha mizani na wenye kuuza makapi.

Mwaka 2018 Serikali iliagiza pamba inunuliwe kupitia vyama vya msingi vya ushirika. Kwa agizo hilo mizani ilirudi mikononi mwa watu tunaosali nao. Basi hatuwezi kumlaumu mgeni peke yake.

Tunapendekeza mambo matatu. Kwanza, mizani iwekwe mahali pa wazi, mkulima aisome mwenyewe kabla karani hajaandika. Pili, bei ya safi na bei ya fifi zibandikwe ukutani, na tofauti yake ilipwe kweli. Tatu, fedha ziwafikie waliofanya kazi: kibarua alipwe kwa kilo alizovuna, mama awepo malipo yanapohesabiwa, na mtoto asikoseshwe shule kwa ajili ya pamba.

Tunaziomba jumuiya ndogo ndogo zijadili mambo haya kabla ya msimu kufunguliwa, na kila jumuiya ichague watu wawili waaminifu, mmoja wao mwanamke, wa kusimama kando ya mizani siku ya kwanza ya ununuzi.