Ubepari ulifikaje Sugoi?

Nimekuwa kimya kwa wiki tatu. Kazi ya mteja ilinibana, na umeme wa huku Sugoi nao una mambo yake, lakini sababu kubwa ni kitabu. Safari hii si kitabu cha programu. Ni Das Kapital cha Karl Marx, juzuu la kwanza, lililotoka mwaka 1867.

Najua wengine wenu mmeshaanza kucheka. Baba mdogo alipokiona mezani aliguna: "Wewe kijana, tulikusomesha kompyuta, sasa unataka kuwa mkomunisti?" Nikamwambia, "Hapana, baba. Nataka kujua hili shamba letu babu alilinunua kwa nani, na huyo aliyemuuzia alilipata wapi." Akanyamaza, akamalizia chai yake, akaenda kuangalia ng'ombe.

Leo basi nitaeleza kwa nini naona kila mtu, hata asiyeupenda ujamaa, afaa kusoma jinsi wajamaa wanavyoeleza ubepari ulivyozaliwa na unavyojiendesha.

Sisi waandishi wa programu tuna kanuni moja. Programu ikikukorofisha, husomi tangazo lake, unasoma msimbo wake. Sasa kumbuka somo la biashara shuleni. Tuliambiwa uzalishaji unahitaji ardhi, nguvu kazi, mtaji na mjasiriamali. Tukakariri, tukapita mtihani. Hakuna aliyeuliza imekuwaje mmoja ana ardhi na mwingine ana mikono mitupu. Hilo lilikuwa tangazo.

Mwishoni mwa kitabu Marx anasimulia kisa cha Mwingereza aitwaye Peel, aliyekwenda Australia Magharibi kuanzisha mali. Kwa hesabu ya Marx, alibeba mali ya pauni 50,000 pamoja na watu 3,000 wa tabaka la wafanyakazi. Walipofika wakakuta ardhi tele (ilikuwa na wenyewe, lakini hilo halikuwasumbua), kila mtu akashika njia yake, Peel akabaki bila mtumishi. Fedha alikuwa nazo, vifaa alikuwa navyo. Alichokosa ni watu wasio na pengine pa kwenda.

Niliposoma hapo niliweka kitabu chini nikatazama nje dirishani, kwa sababu hiyo ndiyo historia ya uwanda huu wa Uasin Gishu.

Mwaka 1903 Uingereza ilikuwa radhi kuwapa Wazayuni uwanda huu. Wao wakaukataa mwaka 1905. Mwaka huohuo Koitalel arap Samoei aliuawa, na upinzani wa Wanandi uliodumu miaka kumi ukavunjwa. Mwaka 1908 ukaja msafara wa Makaburu kutoka Afrika Kusini, ukiongozwa na Jansen van Rensburg, kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe kutoka Nakuru. Mashamba yakapimwa na kupewa nambari. Shamba nambari 64 ndilo likawa Eldoret, na ndiyo maana wazee waliuita mji huo Sisibo. Sheria ya ardhi ya 1915 ikawaruhusu walowezi kukodi ardhi kwa miaka 999.

Hapo mlowezi akakutana na shida ya Peel. Mtu mwenye ng'ombe, wimbi na maziwa hana sababu ya kuamka alfajiri kumlimia mgeni mahindi. Soko huru lingesema basi apandishiwe mshahara mpaka akubali. Haikuwa hivyo. Kodi ya nyumba ilikuwa imeanza mwaka 1901, na kodi ya kichwa ikafuata 1910. Tume ya kazi ya 1912-13 ilipowahoji walowezi, wapo waliosema waziwazi kwamba maeneo ya wenyeji yapunguzwe ili watu watoke kutafuta kazi. Sheria ya 1918 ikamtaka mwenyeji anayeishi kwenye shamba la mlowezi amfanyie kazi siku 180 kwa mwaka. Kisha, baada ya vita, ikaja kipande, kile cheti ambacho mwanamume alitembea nacho shingoni ndani ya kikopo cha chuma, ili akitoroka kazi atambulike.

Ellen Meiksins Wood, katika kitabu chake cha 1999 kuhusu asili ya ubepari, anasema tumezoea kuliona soko kama fursa, ilhali tofauti ya ubepari ni kwamba soko limekuwa lazima. Watu walikuwa wakifanya biashara kutoka zamani. Kilichobadilika ni kwamba bila kuuza kitu, hata jasho lako, huwezi kuishi.

Haya, na unadumu vipi siku hizi, hakuna kipande? Marx anasema mfumo ukishakomaa hauhitaji kiboko kila siku. Shida ya maisha na mazoea vinatosha. Tazama uhuru wetu. Mpango wa ekari milioni moja ulioanza 1962 uliendeshwa kwa fedha za Uingereza na Benki ya Dunia. Walowezi walilipwa, na Mwafrika akapewa kiwanja pamoja na deni. Bildad Kaggia alipinga watu kulipia ardhi iliyokuwa imenyang'anywa, na mwaka 1964 akapoteza unaibu waziri. Mwaka 1965 serikali ikatoa waraka nambari 10 kuhusu Ujamaa wa Kiafrika, na Barack Obama, baba yake rais wa Marekani wa baadaye, akaukosoa hadharani mwaka huohuo.

Deni limehamia kwenye simu. M-Shwari ilipoanza Novemba 2012 ilitoza asilimia 7.5 kwa mkopo wa siku 30. Piga hesabu kwa miezi 12: ni asilimia 90. Hustler Fund ya Novemba 2022 ilikuja na asilimia 8 kwa mwaka, nafuu kubwa. Lakini yote mawili yanakuambia tatizo lako ni kukosa mtaji kidogo na bidii zaidi. Historia ya nani alikosa nini, na kwa sheria ipi, haimo.

Nina sababu nyingine ya kulishikilia jambo hili. Mwishoni mwa 2007 nilikuwa na miaka kumi. Tarehe 1 Januari 2008 watu waliokimbilia kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, walichomewa humo. Nchi nzima walikufa zaidi ya watu 1,100. Siku zile nilisikia watu wazima wakitaja ardhi, na kila aliyeitaja alitaja na kabila la jirani. Sikusikia mtu akitaja 1908, wala 1915, wala mkopo wa 1962. Jirani naye alikuwa amenunua, na babu zake nao walinyang'anywa kwao. Ukimficha mtu chanzo cha shida yake, atatafuta chanzo kilicho karibu, na kilicho karibu ni nyumba ya pili.

Najua mtaniambia ujamaa ulishindwa. Tanzania baada ya Azimio la Arusha la 1967 iliishia kuhamishia watu vijijini kwa nguvu katika miaka ya 1970. Ni kweli, na silitetei. Lakini anayetambua ugonjwa si lazima awe na dawa yake. Unaweza kuikataa dawa ya mjamaa na bado ukamshukuru kwa kuupima ugonjwa. Mimi mwenyewe sijaamua dawa ni ipi.

Juzi jioni baba mdogo alirudi na bahasha ya kaki, akaiweka juu ya kitabu. Ndani mlikuwa na risiti za mkopo wa shamba, jina la babu kwenye kila moja. Ya kwanza ni ya mwaka 1966. Tulizipanga kwa tarehe mpaka taa ikazimika. Akauliza, "Huyo Marx wako, ameandika chochote kuhusu riba?"

Nikamwambia ameandika, juzuu la tatu. Ameniambia nikimaliza nimpe.