Redio Ndani ya Mtumbwi

Maji yapitayo Juba hutoka mbali: Ziwa Victoria, Jinja, Ziwa Albert, kisha Nimule. Kwa hiyo mto waweza kujaa ilhali mbingu ya Juba ni kavu. Mwaka 2024 Ziwa Victoria lilijaa kupita kiasi, na Sudan Kusini ikatahadharishwa juu ya mafuriko.

Redio ya baharini huombea msaada katika chaneli ya 16, lakini vilima huyazuia mawimbi yake. Kwa mvuvi wa mtoni, redio ndogo ya betri yafaa zaidi. Aisikilize kabla ya kusukuma mtumbwi, kisha aifunge ndani ya mfuko wa nailoni pamoja na betri za akiba.

Ngurumo zikisikika, na arudi ukingoni asingoje tangazo. Samaki watakuwapo kesho. Baba wa watoto hana badala.