Miungu Iliyosafiri

Wasomaji wetu wa Kikima na milima yote ya Mbooni, mara nyingi husikika mtu akisema kwamba dini fulani ni ya wenyeji, na nyingine ni ya kuja. Juma hili na tutazame habari za Misri ya kale, tuone kama kati ya maneno hayo mawili pana mpaka wa kweli.

Yapata mwaka 1450 K.K., Farao Thutmose wa Tatu alieneza utawala wake kusini hadi Napata, katika nchi ya Sudan ya sasa. Chini ya mlima wa Jebel Barkal Wamisri wakaweka ibada ya mungu wao Amun. Kwa Wanubi huyo alikuwa mungu wa mabwana. Lakini Wamisri walipoondoka, Amun hakuondoka nao. Alihesabiwa kuwa mwenyeji wa mlima ule.

Yapata mwaka 730 K.K., Piye mfalme wa Kush alishuka Misri na jeshi lake kwa jina la Amun huyo huyo. Jiwe lake la ushindi, lililopatikana mwaka 1862, laeleza kwamba askari wake waliamriwa waoge mtoni kabla ya kuja mbele ya Amun huko Thebes. Tena wakuu wanne wa Misri walipokuja kumsujudia, watatu walizuiwa mlangoni, kwa kuwa hawakutahiriwa na walikula samaki. Mwanafunzi amekuwa mkali kuliko mwalimu!

Mungu wa kike Isis alivuka bahari bila jeshi, pamoja na wafanya biashara. Mwaka 333 K.K. watu wa Athens walipowaruhusu wachuuzi wa Kipro kumjengea mungu wao hekalu, walikumbusha kwamba Wamisri walikwisha kuruhusiwa kumjengea Isis. Huko Rumi mambo yalikuwa magumu. Baraza la wazee liliamuru nyumba zake zivunjwe. Husimuliwa kwamba mafundi waliogopa kuzigusa, hata Aemilius Paullus, mkuu wa dola, akavua joho lake na kuupiga mlango kwa shoka mwenyewe. Hata hivyo Isis alirudi, akafika mbali zaidi: mtungi uliopatikana Southwark, London, una maandishi yanayotaja hekalu lake mjini humo.

Je, Ukambani hapakuwa na mambo ya namna hii? Bwana Gerhard Lindblom, Mswidi aliyekaa kwetu miaka ya 1911 na 1912, aliandika kwamba baadhi ya aimu waliowapagaa wanawake walihesabiwa kuwa wa makabila mengine, kama Wamasai. Si ajabu, kwani Wakamba wa karne ya 19 walikuwa wasafiri hodari, wakipeleka pembe za ndovu hata pwani. Na anayekwenda mbali hurudi na zaidi ya nguo na shanga. Mwaka 1911 ngoma za pepo zilienea sana, serikali ya Kiingereza ikaingiwa na hofu, ikawahamisha Siotune wa Kathuke na Kiamba. Lile lilikuwa shoka la Paullus kwa sura nyingine.

Basi, mambo haya huangamizwa na nini, ikiwa si shoka? Katika kisiwa cha Philae, mwaka 394 B.K., kuhani mmoja alichonga maandishi ya mwisho tunayoyajua ya herufi takatifu za Misri. Baadaye wenye kuzisoma wakaisha, na kwa zaidi ya miaka 1,400 mawe yale yalikuwa bubu, mpaka Champollion Mfaransa alipoyafumbua mwaka 1822.

Misri iliacha mawe. Wazee wetu hawakuandika juu ya mawe. Waliacha maneno midomoni mwa watu. Kwa hiyo kila mwenye kalamu, awe wa dini yoyote, na amwulize bibi yake majina ya aimu wa zamani, na kila mmoja alisemekana ametoka upande gani, kisha ayaandike. Akishazikwa bibi, hatatokea Champollion wa kutusomea.